Makosa Kumi na Moja ya Albamu ya Pili

Benchi letu liko pale barabara ndogo inapokutana na kubwa, nje ya duka la Fundi Spika, na kama umewahi kupita hapo bila kusemwa, basi ulipita siku tuliyokuwa msibani. Wa kudumu tuko wanne na birika moja. Kuna Fundi mwenyewe, anayetengeneza redio na spika, mtu ambaye hajawahi kusikiliza kitu bila kutafuta kilipoharibika. Kuna Mashine, kinyozi wa duka la pili, mwenye maneno mengi kuliko wateja. Kuna Breki, aliyeendesha lori miaka ishirini na sita mpaka mgongo ulipomkatalia. Na mimi mshona viatu, ninayekaa chini kuliko wote, kwa hiyo naona miguu yao inavyotikisika wakianza kudanganya. Birika ni la Mama Birika, na yeye ndiye hutuambia tunyamaze lini, ingawa hatumsikilizi. Siku hiyo ilikuwa saa nane na nusu mchana, na saa kumi gari la bendi lilikuwa linakuja kumchukua Mluzi.

Mluzi ni mtoto wa marehemu mdogo wake Fundi. Fundi alimchukua akiwa na miaka sita, akamlea hapo hapo dukani, na jina hilo tulimpa sisi kwa sababu alikuwa hawezi kuvuka barabara bila kupiga mluzi. Bendi yao ilizaliwa kwenye stoo ya nyuma, kati ya spika zilizokufa: yeye, wenzake watatu, magitaa mawili na ngoma zilizofungwa kwa waya. Wanapiga roki, na wanajitegemea. Hawana bosi wala kampuni nyuma yao, wanarekodi wenyewe, wanaendesha gari wenyewe. Albamu ya kwanza mtaa mzima uliicheza. Wakaondoka kwenda kuipiga, miezi kumi na moja, miji sitini na kitu. Wakarudi na albamu ya pili, na Mluzi akaingia chumbani kwake, kwenye nyumba ya Fundi ng'ambo ya barabara, akafunga mlango. Sasa ni wiki ya tatu.

Jana yake kiongozi wa bendi alikuwa amempigia Fundi simu. “Baba, kesho saa kumi tunapita. Safari hii ni miji thelathini. Kama anakuja, aje na begi. Kama haji, wewe utuambie, tutatafuta mwimbaji mwingine, na hatutamlaumu.” Mtu mwingine angevuka barabara na simu ile mkononi. Fundi aliileta kwenye benchi.

Alikuwa ametoa nje spika yake kubwa ya kujaribia, na albamu inapigwa. Kupigwa ni neno tu. Kila wimbo ukifika dakika moja anauzima.

– Hapo! Mmesikia? – Fundi akanyanyua kidole.

– Nimesikia gitaa, – nikasema.

– Nyuma ya gitaa.

– Nyuma ya gitaa kuna nini?

– Kuna mtu anapumua. Rekodi ya watu wazima, mtu anasikika anapumua!

– Ulitaka aimbe bila kupumua? – akauliza Mama Birika, anamimina.

– Pumzi hukatwa, Mama. Kuna namna ya kuikata.

– Hebu washa, bwana, – akasema Breki. – Tangu saa sita sijasikia wimbo hata mmoja ukafika mwisho.

Fundi akaweka mwingine. Huo unaanza na gitaa moja, taratibu, na Mluzi haimbi, anasema tu: kwamba ameamka kwenye kitanda asichokijua, amefungua droo kutafuta karatasi yenye jina la nyumba ya wageni, ndipo ajue yuko mji gani. “Mji niliuona umeandikwa,” anasema, “jina langu sikuliona.” Ngoma ikaingia kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

Fundi akauzima.

– Friji. Kulikuwa na friji kwenye hicho chumba, inavuma. Hawakuizima.

– Fundi, – akasema Mama Birika, – punguza sauti yako basi, hata kama hupunguzi ya spika. Dirisha liko wazi.

Sote tukatazama ng'ambo. Dirisha la chumba cha Mluzi lilikuwa wazi kweli, pazia limeshuka, halitikisiki. Ni hatua ishirini kutoka benchi. Siku zote ukikohoa benchini, mtu wa chumba kile anakuambia pole. Tukashusha sauti kwa muda wa kikombe kimoja, kisha tukasahau.

Kilichompata tunakijua, maana alikisema mwenyewe redioni wiki ile albamu ilipotoka. Mtangazaji alimuuliza kwa nini hii ya pili haichezeki. Mluzi akajibu kwamba mwezi wa saba wa safari aliugua akili. Alikuwa anamaliza onyesho, watu wanapiga makofi, yeye anakwenda kukaa sakafuni bafuni mpaka mtu aje kumtoa. Alimwona daktari, anakunywa dawa, na nyimbo hizi ndizo alizoandika wakati huo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema amehama nyumba. Mashine alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Anasema mashine ya kunyolea ilisimama yenyewe. Mimi nadhani aliizima.

– Angevunjika mguu, – alisema Mashine siku ile, – tungejua pa kumshika.

Sasa saa tisa kasoro, Mashine huyo huyo alikuwa amesimama mbele ya benchi na taulo begani, anahukumu.

– Mimi nasema aende. Kijana wa miaka ishirini na saba kushinda chumbani, hicho ndicho kinachomuumiza. Na ugonjwa wenyewe ni mapenzi tu, msizunguke mbuyu. Wimbo wa nne: “Ulibaki kituoni, nikakuona unapungua.” Huyo si mwanamke?

– Huyo ni yeye mwenyewe, – akasema Mama Birika.

– Mtu atajiachaje kituoni, Mama?

– Muulize Breki, ndiye wa barabara.

Breki akaweka kikombe chini. Alikuwa akilingojea swali hilo tangu asubuhi.

– Inawezekana, – akasema. – Mashine, gari lao umeliona? Viti vya nyuma vinatazama nyuma. Mluzi ndiye mdogo wao, ndiye anayekaa huko. Miezi kumi na moja mtu anasafiri anatazama alikotoka! Gari linakwenda kwa magurudumu, lakini akili inakwenda kwa miguu. Wanamshusha mji wa tano, akili yake bado iko mji wa pili, inauliza njia. Mimi nawaambia, Mluzi karudi, akili yake haijafika. Mpeni miezi sita asisogee hapo alipo, ili ikifika imkute.

– Na akisogea?

– Wakipishana, basi tena.

Ungeona alivyosema, ungedhani ameisoma kwenye kitabu cha udaktari. Hata mimi nilijikuta nahesabu miji.

– Upuuzi, – akasema Fundi. – Hili ni suala la kitaalamu. Jukwaani anasimama mbele ya spika ya besi. Ile inatoa mvumo ambao sikio halisikii, lakini mwili unapokea. Kila siku, saa mbili. Koili ya spika, ule waya uliozungushwa ndani, ukiipa mzigo mkubwa kwa muda mrefu inaungua, na ukiitazama kwa nje ni nzima, haina hata doa. Ndivyo alivyo. Kwa nje mzima.

– Sasa koili iliyoungua huwa unaifanyaje? – nikauliza.

Tunajua Fundi anachofanya, huitoa akaweka nyingine. Yeye akachukua bisibisi akaanza kukaza skrubu ambayo haikuwa imelegea.

Mashine hakuridhika. Yeye akiona watu wamenyamaza anadhani wanamngoja.

– Kuna jambo sijalisema, – akaanza, na sauti sasa ameishusha, na sisi tukainama kama wajinga. – Nimemnyoa Mluzi tangu ana miaka sita. Kichwa chake nakijua kuliko cha kwangu. Ana kovu nyuma ya sikio la kulia, aliangukia meza ya Fundi. Juzi nilimwona dirishani kwa sekunde mbili. Nywele zimefunika. Sikuona kovu.

– Kwa hiyo? – akauliza Breki.

– Kwa hiyo nasema hivi. Mluzi wetu alikuwa hapiti hapa bila kupiga mluzi. Huyu ana wiki tatu, umewahi kumsikia? Hata mara moja? Hajakaa benchini, hajaagiza kahawa, sauti kwenye albamu imebadilika. Jamani, tuulizane kama watu wazima. Aliyerudi ni nani?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka kumi na tisa, nimesikia mengi. Watu wametia chumvi mpaka ugomvi ukaanza. Lakini sikuwahi kuona Fundi Spika akisimama na bisibisi mkononi vile.

– Rudia, – akasema.

– Fundi, mimi naongea tu…

– Rudia ulichosema juu ya mtoto wangu.

– Naongea tu, kaka! Ni maongezi ya benchi!

– Mtoto nimemwogesha kwa mikono hii. Unaniambia simjui aliye nyumbani kwangu?

– Kama unamjua, – Mashine naye akapandisha, – tuambie ana nini! Wiki tatu unatupigia nyimbo nusu nusu, mara pumzi, mara friji! Saa kumi hiyo inakuja, wewe ndiye wa kusema aende au abaki, na bado hujasema! Una nini wewe?

Breki akasimama katikati yao, mgongo na yote. Mama Birika akasema “Jamani, dirisha,” na mara hii tukamsikia. Pazia lilikuwa limetikisika. Pengine ni upepo. Siku ile hakukuwa na upepo.

Fundi akakaa. Mashine akakaa mwisho wa benchi, anajifuta uso kwa taulo la wateja. Mimi nikaona nami niseme changu, maana kama ni kukosea, na tukosee wote.

– Viatu vyake ninavyo mimi, – nikasema. – Vya safari. Alinipa siku aliyofika, soli zimeliwa visigino tu, mbele ni vipya. Mtu akitembea hivyo anajizuia, kila hatua anafunga breki. Nimevimaliza tangu Jumanne iliyopita.

– Mbona hukumpelekea? – akauliza Mama Birika.

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi. Huo ni uongo, na naona hata mguu wangu ulitikisika. Sikumpelekea kwa sababu nilifikiri, nikigonga mlango, akafungua, akasimama mbele yangu, nitamwambia nini? Viatu naweza. Hayo mengine siyajui. Nikavikalia siku tisa.

Mama Birika akamgeukia Fundi. Yeye hana haraka, na akiuliza kitu hazunguki.

– Baba Mluzi. Hizi nyimbo, kabla hazijatoka, hakukutumia wewe?

– Alinitumia, – Fundi akasema. – Miezi mitatu kabla. Mimi ndiye wa kwanza. Kabla ya redio, kabla ya mtu yeyote.

– Ukamwambia nini?

Hapo uso wa Fundi ukafunguka kidogo, kwa sababu ameulizwa kazi yake. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Akavaa miwani.

– Nilifanya kazi ya kweli, siyo ya kubabaisha. Nilisikiliza usiku mmoja na mchana mmoja, kwa vifaa vya masikioni vile vizuri. Nikamwandikia makosa yote. Kumi na moja.

– Soma.

– La kwanza, wimbo wa kwanza, sekunde ya arobaini, mkwaruzo wa waya. La pili, wimbo wa pili, pumzi, ikatwe. La tatu, wimbo wa tatu, friji. La nne, mlango unafungwa kwa nyuma, usikike kwa nini? La tano, ngoma imechelewa. La sita…

– Ruka, – akasema Mama Birika. – Nisomee la mwisho.

– La kumi na moja. Wimbo wa tisa, kuanzia dakika ya tatu hadi mwisho. Sauti inatetemeka na kukatika kama betri imekwisha. Haifai. Irudiwe.

Mashine akalikunja taulo la wateja vizuri, na hilo ni jambo la kuandikwa.

– Akajibu nini? – akauliza Breki.

– “Sawa, Baba.”

– Basi?

– Basi. “Sawa, Baba.” Na hakurekebisha hata moja! – Sauti ya Fundi ikapanda tena. – Albamu imetoka, nimeifungua kwa hamu, yote yapo! Kumi na moja, kama nilivyoyaandika! Mtu umemlea, umemfundisha kushika waya wa moto na wa baridi, anakuomba usikilize, unajinyima usingizi unasikiliza, halafu anakudharau mbele ya dunia nzima. Kafika nyumbani, hakunitajia. Na mimi sikumtajia. Nikasema, ataniomba radhi akiwa tayari.

– Wiki tatu? – nikauliza.

– Namgongea kumwambia chakula kiko mezani. Naye anasema asante.

– Fundi, – akasema Breki. Alisema polepole, na hakuwa na ile sauti yake ya kufundisha. – Hiyo ya betri siyo hitilafu.

– Mimi najua sauti ya hitilafu.

– Unaijua. Sasa nisikilize mimi. Mwaka wangu wa kumi na nane barabarani, nilisimamisha lori juu ya daraja. Mchana, barabara tupu. Nikashuka nikaegemea tairi. Sikuwa nimechoka, sikuwa na njaa. Nilikuwa siwezi kujua kama nakwenda au narudi, na niliona ni sawa tu nikibaki pale. Niliyatazama yale maji, Fundi. Nikayatazama muda mrefu. Utingo wangu, mtu mzima kuliko mimi, akashuka akaniuliza, “Bosi, tairi limepasuka?” Nikasema ndiyo. Akaleta jeki. Tukalifungua tairi zima, halina hata msumari, tukalifunga jingine. Nusu saa. Hakuniuliza kitu tena, na mimi sikusema kitu, tukaondoka. Mpaka leo, mke wangu hajui.

Mama Birika aliacha kumimina.

– Na wewe unasema akili inatembea kwa miguu, – Mashine akamwambia kwa upole, na ule upole ulinishtua zaidi.

– Nilikuwa naongea tu. Ni maongezi ya benchi.

Saa tisa na dakika arobaini. Fundi alikuwa ameshika karatasi yake bado, lakini hakuwa anaisoma. Akaikunja, akaikunjua.

– Mimi naogopa, – akasema.

Tulimsikia vizuri, lakini hatukuwa tumezoea kulisikia neno hilo kwake.

– Naogopa, jamani. Nikisema aende, ataingia kwenye gari, na huko mbele kuna bafu jingine, na siku hiyo mtu wa kumtoa atachelewa. Nitaletewa mtoto kwenye sanduku. Nikisema abaki, wanachukua mwimbaji mwingine. Hiyo bendi ndiyo kitu pekee alichowahi kukitaka. Ataozea humo ndani ananichukia, na atakuwa na haki. Sasa niambieni. Nimewaleteeni hili tangu asubuhi ili mniambie.

– Tupige kura, – akasema Mashine.

Usimcheke. Tulikuwa hatuna kingine. Tukapiga kura kwa vikombe: anayetaka Mluzi aende anakisimamisha, anayetaka abaki anakifunika. Mashine akasimamisha, akasema watu wanaompigia makofi watamponya kuliko kuta. Breki akafunika, bila maelezo. Mimi nikasimamisha, nikafunika, nikasimamisha tena, nikakiacha hapo kwa sababu Mama Birika alikuwa ananitazama. Yeye mwenyewe tulipomwambia apige, akasema hajaona bado kitu cha kupigia kura, tukamhesabu kuwa hayupo. Ikawa viwili kwa kimoja. Fundi akashika kikombe chake muda mrefu, kahawa imo, imepoa. Akaimwaga chini, akakifunika.

– Mbili kwa mbili, – nikasema, kana kwamba hawaoni.

– Mimi ndiye mzazi, – akasema Fundi. – Kura yangu inazidi. Haendi.

Na honi ikalia kona.

Walikuwa wamewahi kwa dakika kumi. Gari lenyewe ni lile lile, limebandikwa karatasi mpya za albamu juu ya zile za zamani. Lilisimama kati ya benchi na dirisha, injini inaunguruma, na akashuka mpiga ngoma wao. Ni binti mwembamba, fimbo za ngoma zimechomekwa mfuko wa nyuma, macho ya mtu aliyelala vibaya siku nyingi. Alikuwa akipita hapa zamani, wakati wa stoo, lakini benchini hajawahi kukaa. Akatusalimia mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mtu, hata kwa Mashine, ambaye aliitika kwa aibu.

– Baba, tumefika, – akamwambia Fundi.

– Karibu, mwanangu. Usizime gari, hamtakaa. Tumelizungumza.

– Mmelizungumza?

– Tangu asubuhi, – Mashine akadakia. – Kwa kina kabisa. Kuna suala la kichwa, kuna suala la kukaa kiti cha nyuma…

– Mashine, – nikamwambia.

– …na tumepiga kura.

Binti akatazama vikombe. Viwili vimesimama, viwili vimefunikwa. Akatazama spika kubwa, akamtazama Fundi, ambaye alikuwa amesimama sasa, amejinyoosha, karatasi imebanwa kwenye kiganja.

– Haendi, – akasema Fundi. – Tafuteni mwimbaji. Mniwie radhi. Nimefikiri kama mzazi, na hilo ndilo jibu.

Nilidhani atabishana. Nilidhani atasema habari za miji thelathini, tarehe, watu wanaongoja. Breki naye alikuwa amejiandaa, nilimwona anavuta pumzi. Binti hakubishana. Alitikisa kichwa kidogo kama mtu aliyepokea mzigo, kisha akauliza, kwa adabu tu, kama anavyouliza mtu yeyote:

– Yeye mwenyewe amesemaje?

Mashine akamtazama Breki. Breki akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu, kwa kuwa viko karibu. Fundi alifungua mdomo, na nikaona anatafuta. Anatafuta kwenye wiki tatu zile, kwenye chakula kiko mezani na asante, anapekua kama anavyopekua droo ya skrubu, na hakuna.

– Hajasema? – akauliza tena binti.

– Hatuja… – akasema Fundi, akaishia hapo.

– Maana kwetu pia hajasema, – akasema binti. – Tulipomshusha hapa tulimuuliza. Tulimwambia, kaka, wewe sema tu, ukitaka tungoje mwaka tutangoja mwaka. Akasema tumwache afike kwanza. Akasema, “Nyumbani wataniuliza. Wakiniuliza, nitajua jibu langu ni lipi.”

Injini ilikuwa bado inaunguruma. Mama Birika alijifunika mdomo kwa upande wa kanga. Nilitaka mtu aseme kitu cha kijinga, chochote, na Mashine ndiye anayejua kazi hiyo, lakini Mashine alikuwa anavisimamisha na kuvifunika vikombe kimoja kimoja, hajui anachofanya.

Fundi akaweka bisibisi juu ya benchi. Akaiweka na karatasi. Akazunguka mbele ya gari, akavuka, na mwendo wake haukuwa wa mtu anayekwenda mbali, lakini alichukua muda. Kwenye mlango akainua mkono kugonga, akaushusha. Wiki tatu amegonga mlango ule kwa ajili ya chakula, sasa hakuwa na chakula.

– Mwanangu, – akasema. Sauti ilikatika, akaanza upya. – Mwanangu, ni mimi. Sijaja kukwambia kitu. Nimekuja kukuuliza.

Akangoja. Hakugonga, wala hakukijaza kile kimya kwa maneno kama tunavyofanya sisi. Alipoona kwamba jibu litachukua muda wake, akavuta kanzu yake, akakaa chini pale mlangoni, mgongo kwenye ubao, kichwa kimeegemea nyuma ili asikie vizuri.

Binti akamtazama kidogo. Kisha akamgeukia dereva, akamfanyia ishara kwa mkono, na dereva akazima gari.